Kualika na Kukataa kwa Kijerumani

Kasungami, Lubumbashi,
Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025,
mwaka wa ishirini na sita tangu tutoke Kabalo.

Mpendwa mdogo wangu Agnès,

Ninakusalimu wewe kwanza, kisha nyumba yote. Mguu wako unaendeleaje? Faustin alisema ulimsindikiza hadi kituoni bila fimbo, lakini Faustin ni mfanyabiashara, anapenda kubeba habari zinazouzika. Niambie mwenyewe. Niambie pia kama baridi ya mwezi huu imefika huko, au kama mto Lualaba bado unawapulizia joto. Hapa tunavaa makoti mpaka saa nne ya asubuhi, vumbi jekundu limeingia hata kwenye chumvi, na kikohozi kinapita nyumba hadi nyumba. Mimi kimeniacha. Magoti ndiyo hayaniachi. Macho bado yanasoma, mradi nipate miwani na dirisha.

Wifi yako Edith ni mzima na anakusalimu sana. Samaki wakavu na mafuta ya ngazi, mawese yenu mekundu, uliyompa Faustin yamefika salama. Edith alipofungua kifurushi, nyumba nzima ilinuka Kabalo. Nikatoka nje, nikasimama kwenye mlango wa ua wa lupango letu kama mtu anayengoja mgeni. Hakuna aliyekuja, nikarudi ndani.

Nikuambie mapema kwamba leo siketi vizuri. Tangu asubuhi, nikiandika maneno machache, ninainuka. Nimekwenda kutazama kisima, na kisima hakina neno. Nimekwenda kutazama barabara. Nimepanga upya vitabu ambavyo vilikuwa vimepangwa. Faustin anasema treni itaondoka kesho au kesho kutwa, na atapitia hapa kuchukua barua kabla ya giza. Kwa hiyo hata nikizunguka namna gani, lazima imalizike leo.

Kwa simu nisingeweza. Unajua tunavyofanya kwa simu. Wewe unamuuliza kaka yako, "Yaya, utakuya siku gani?" Mimi najibu, "Nitakuya, mama, nitakuya." Unafurahi, nami ninafurahi, sauti inakatika, kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Tumefanya hivyo miaka mingi, na sikuona ubaya wake.

Lakini safari hii umeandika. Umesema kile chumba cha upande wa mto, alichokuwa akilala baba, umekiezeka mabati mapya. Umesema mwanao Fils anaoa mwezi wa nane, na kwamba alikiomba chumba hicho akae humo na mke wake, ukamjibu kuwa ni chumba cha mjomba wake na mjomba anarudi. Sasa kijana anatafuta nyumba ya kupanga ng'ambo ya reli, na arusi inakaribia. Chini kabisa ukaandika kwa herufi kubwa: "Yaya, chumba iko tayari. Kuya tu."

Nitakujibu. Lakini kwanza nataka kukueleza kazi ninayofanya siku hizi, maana bila hiyo hutajua jibu langu limetoka wapi.

Unakumbuka Kijerumani changu. Niliporudi kutoka Karlsruhe, baada ya miaka mitano ya kusomea madaraja ya reli, wewe na mama mlicheka kwamba nimeleta lugha ya kusemesha mbuzi. Kweli, pale Kabalo hakuna aliyeihitaji. Leo inahitajika. Hapa mjini kuna vijana wengi wanaotaka kwenda Ujerumani kujifunza uuguzi, na hawapewi njia bila kufaulu mtihani wa lugha. Basi kila Jumanne na Alhamisi mchana napanda pikipiki hadi kwenye lami, kisha taxi-bus hadi komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, na ninawafundisha sita kati yao katika chumba kilicho nyuma ya karakana ya mtu anayechomelea milango ya chuma. Anapowasha mashine yake tunanyamaza. Anapozima tunaendelea.

Katika mtihani huo kuna sehemu ya kuzungumza. Wanafunzi wawili wanaketi uso kwa uso. Mmoja anamwalika mwenzake kitu kidogo tu, kunywa kahawa, kwenda kutembea, kupika pamoja. Mwingine anakubali au anakataa. Wanapatana siku, saa, na nani alete nini. Nilidhani hapo ndipo tutakapopumzika. Sarufi ngumu walikuwa wameshaimeza. Kumbe hapo ndipo tulipokwama.

Guelord, kijana mrefu ambaye baba yake anatengeneza redio, ndiye aliyeanza. Alipaswa kumwalika Plamedie, binti mpole aliyelelewa na masista. Akamsalimu. Akamuuliza habari za mama, za baba, za wadogo zake, na za shangazi aliyekuwa mgonjwa wakati wa Pasaka. Yote kwa Kijerumani safi. Nikamwambia muda umekwisha na bado hajaalika.

"Papa mwalimu," akasema, "naanzia wapi kumualika muntu mwenye sijamuuliza kama iko muzima?"

Darasa zima likamuunga mkono. Moyoni hata mimi nilimuunga mkono. Lakini nikaandika ubaoni: "Hast du Lust, am Samstag einen Kaffee zu trinken?" Nikawaeleza kwamba hapo unamuuliza mwenzako kama ana hamu ya kunywa kahawa Jumamosi, na unamuuliza hivyo hivyo, mkikutana njiani, bila kumzunguka kwanza. Wakasema sentensi ile mmoja baada ya mwingine kama watu wanaoingia maji ya baridi.

Kisha ikaja shida ya saa. Plamedie akauliza ni saa ngapi. Guelord akakunja uso.

"Nimekuambia ukuye. Ukifika, umefika. Saa ya nini? Kwani njo treni?"

"Ata treni haina saa!" akajibu Plamedie, na tukacheka mpaka fundi akaweka chombo chake chini na kuuliza kupitia ukuta ni nini.

Lakini shida kubwa ilikuwa ya tatu. Hakuna aliyeweza kukataa. Syntiche, ambaye ndiye hodari kuliko wote, alialikwa na Guelord Ijumaa jioni, akasema ja, yaani ndiyo. Akaalikwa na Plamedie Ijumaa ile ile, saa ile ile, akasema ja, tena kwa tabasamu. Nikamuuliza ataenda wapi.

"Hakuna kwenye nitaenda, papa mwalimu. Balinialika muzuri. Nitabaambia hapana namna gani?"

Unamsikia, Agnès? Huyo ni mama yetu kabisa. Mama hakumkatalia mtu hata mara moja. Watu wa Kabalo walimwita kwenye ubatizo na arusi kila pembe, naye akasema ndiyo kila pembe. Asipoonekana hakuna aliyeuliza, kwa sababu ndiyo yake ilikuwa imeshampokea mtu.

Niliwasimulia vijana mwaka wangu wa kwanza Karlsruhe. Nilikaa majira yote ya baridi nikingoja mtu abishe hodi. Nilinunua vikombe. Hakuna aliyebisha. Nikaamini kabisa kwamba wananichukia, mpaka siku moja mwanafunzi mwenzangu, kijana wa huko huko, akaniambia kwa mshangao kwamba wao walikuwa wanangoja mimi niwaite, tena niseme ni lini. Kwao, kufika bila kuitwa ni kumvamia mtu. Kwetu, kuitwa ndipo uje ni dalili kwamba wewe si wa nyumbani. Kila upande ulikuwa umekaa kwake kwa adabu njema, na vikombe vyangu vikajaa vumbi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwezi uliopita alianza kututembelea mwanamke mmoja Mjerumani, mwuguzi mstaafu aliyekuja kwa mwaka mmoja kuwasaidia masista katika zahanati yao. Jina lake Annegret, na vijana wanamwita Mama Annegret. Anaketi nyuma, anasikiliza matamshi, anasahihisha kwa upole. Alhamisi moja, akiwa anafunga kitambaa chake shingoni ili aondoke, alisema kwa wepesi, kama mtu anayesema kuna baridi, kwamba Jumamosi saa kumi atakuwa na kahawa na keki nyumbani kwake. Nani ana hamu ya kuja?

Wote sita wakasema ja. Nami nikasema ja.

Jumamosi nilifika saa kumi kamili. Hiyo ndiyo Karlsruhe iliyobaki ndani yangu. Meza ilikuwa imetandikwa, sahani za kila mtu, na viti alivyoazima kwa masista vimepangwa kuizunguka. Tukangoja. Karibu saa kumi na moja Plamedie akaja, pamoja na mama yake, pamoja na binamu aliyekuwa amefika asubuhi ile kutoka Kambove, maana mgeni atamwacha nyumbani na nani? Mama Annegret aliwapokea kwa furaha ya kweli, akawakatia keki vipande vikubwa. Lakini kila mara macho yake yalikwenda mlangoni. Wale wengine hawakuja.

Akaniuliza pembeni kama vijana wamepata ajali. Nikasema hapana. Akauliza, basi, wamenikasirikia? Nikasema hapana, wanakuheshimu sana. Alinitazama kama mtu aliyepewa hesabu isiyotoka. Nikajaribu kumweleza kwamba kwetu kusema ndiyo ni namna ya kumpokea mtu, na kufika ni habari nyingine. Akasogeza makombo ya keki kwa kidole. Kisha akasema, bila hasira yoyote:

"Jirani yangu wa juu alitamani kuja leo. Ni mjane, hana mtu. Nilimwambia viti vimejaa."

Agnès, kahawa yangu nilitia sukari mara mbili, nikainywa hivyo hivyo. Tangu siku ile sentensi ya mwanamke yule inatembea nami. Napanda nayo pikipiki, nashuka nayo.

Nimeinuka tena sasa hivi. Nilisikia honi upande wa reli nikadhani ni treni ya Faustin inaondoka kabla ya siku yake, jambo ambalo halijawahi kutokea duniani. Nilikwenda mpaka mlangoni na kalamu mkononi. Haya, nimerudi.

Jumanne iliyofuata niliwasimulia wanafunzi. Hakuna aliyecheka. Syntiche akainamisha kichwa.

"Nilikuwa na kilio ya tantine, dada ya mama yangu, papa mwalimu. Tangu Alhamisi nilijua siwezi kufika. Lakini mama wa watu iko anacheka, anatualika muzuri, mie nimutupie hapana mu uso?"

"Mie sikukuwa na kilio," akasema Guelord. "Nilikuwa na mpira."

Siku ile tuliacha sura ya kitabu tuliyokuwa tumeifikia, nikawafundisha kukataa. Kwanza unasema "leider", yaani ungependa lakini bahati haipo. Kisha unataja sababu moja, fupi, na unaishia hapo, kwa sababu ukiongeza ya pili watu wanaanza kutilia shaka ya kwanza. Halafu, na hili ndilo walilolisahau kila mara, unataja wewe mwenyewe siku nyingine. Ukitaja siku nyingine, mwenzako anajua unamtaka, ila Jumamosi ndiyo huitaki. Usipoitaja, anajua pia.

Guelord akaona nafasi yake. Akamgeukia Syntiche, akamuuliza kwa Kijerumani kilichonyooka kama ana hamu ya kunywa Fanta naye Ijumaa.

"Leider nicht," akasema Syntiche.

"Na siku ingine?"

"Siku ingine haiko."

Darasa likapasuka. Guelord mwenyewe alipiga meza kwa kucheka, ingawa masikio yangekuwa mekundu kama angekuwa na rangi ya kuyaonyesha. Akasema hii lugha ya Ulaya ni kisu.

Alhamisi Mama Annegret alirudi, na nilimheshimu kwa kurudi. Mwisho wa somo akasimama, akafunga kitambaa chake, akasema tena kwamba Jumamosi kutakuwa na kahawa. Syntiche akainuka kama mtu anayekwenda kuungama. Akasema leider, Jumamosi anawatunza watoto wa marehemu tantine. Kisha akauliza Jumatano je, ingefaa?

Nilimtazama yule mwanamke. Uso wake ulifunguka wote. Akatoa kalamu, akaandika Jumatano saa kumi kwenye kiganja chake kama mtoto wa shule, na akasema vizuri sana, basi Jumamosi atamwita jirani wa juu. Syntiche akakaa chini kwa kishindo.

"Ni vile tu?" akatuuliza kwa Kiswahili. "Kumbe hakuna muntu anakufa!"

Jumatano alikwenda, peke yake, saa kumi, na karanga za kukaanga katika kikombe cha plastiki. Nilipomuuliza ilikuwaje, alisema walikunywa kahawa wao wawili, na Mama Annegret alimwonyesha picha za mama yake.

Ndiyo kazi yangu hiyo. Sasa narudi kwenye barua yako.

Nimekaa mbele ya karatasi hii tangu chakula cha mchana. Kila ninapoanza kuandika jibu, mkono unaandika mambo matamu. Naandika "tuombe uzima", naandika "mvua zikipita", naandika "Mungu akipenda", nachana. Edith amepita na kapu la matembele, akachungulia.

"Umefika kwenye ile mambo?"

"Bado. Niko kwenye salamu."

"Tangu asubuhi weye uko kwenye salamu? Unafundishaka batoto ba bantu kusema hapana, na weye mwenyewe?"

Akaenda zake shambani. Unamjua Edith. Watu wake wamelima Kasungami hii kabla haijawa na nyumba, kabla mji haujafika. Hajui maana ya kutoka mahali. Lakini ananijua mimi. Katika shamba letu, tangu aolewe nami na mizigo yangu ya ukimbizi, kila kinachotoka mkononi mwangu ni cha msimu mmoja: mahindi, maharage, matembele. Amenisihi miaka nenda rudi nipande mti wa avoka, nami nimejibu tutaona, tutaona. Juzi nilikuta amechimba shimo mwenyewe, kubwa, kando ya kisima, linangoja mvua za Novemba. Kila nikienda kutazama kisima leo, ni shimo lile ninalolitazama.

Kwa hiyo usidhani nimetulia hapa. Sijatulia. Honi ikilia naangalia viatu vyangu viko wapi. Nikiona watu wa Kaskazini kanisani, watoto wa mafundi wa reli kama sisi, tunaulizana habari za huko mpaka padri anafunga mlango. Kabalo ninaijua kwa macho yaliyofumbwa: ghala la kituo, ngazi za kwenda majini, ukuta wa shule na ufa wake, mahali mama alipokuwa akianika mihogo. Ningeweza kukuchorea yote kwa vipimo.

Lakini katika barua yako umenieleza soko jipya liko wapi, na njia ya kulifikia kutoka kituoni, pinda kushoto, pita kanisa la wale wageni, endelea mpaka mnara wa simu. Hukukosea kunieleza. Siijui njia hiyo. Ila nilipoisoma niliona mdogo wangu anamwelekeza mgeni. Na mimi, Agnès, nilikuwa mgeni Karlsruhe, nikawa mgeni Lubumbashi, na ule ugeni wa hapa umenichukua muda mrefu sana kuumaliza, na hata sasa sijaumaliza wote. Sina nguvu za kuwa mgeni mara ya tatu, tena katika nyumba ya baba yangu.

Hiyo ndiyo sababu. Ni moja. Nilikuwa na nyingine, za magoti, za safari, za wanafunzi, nimeziacha kwa kuwa wewe ungezijibu zote. Ungeniletea hata dawa ya magoti.

Kwa sasa, basi, mpe Fils chumba kile. Mwambie ni mjomba wake amesema, na kwamba mjomba amesema kwa moyo mweupe. Aingie na mke wake kabla ya arusi au baada, kama desturi ya upande wa bibi arusi inavyotaka. Apake chokaa rangi anayoitaka mchumba wake Chance. Kitanda cha baba, kama bado kipo, wakilalie wao. Dirisha la upande wa mto linagoma kufunguka wakati wa mvua. Linasukumwa kwa chini, pembeni, si katikati. Amwonyeshe mkewe.

Najua utaiweka barua chini ukifika hapa. Najua umekifagia chumba hicho kila wiki tangu ulipotangulia kurudi, na kwamba wakati huo wote kifagio chako kilikuwa kinanisemesha. Nimekisikia. Sikudharau hata siku moja.

Sasa, kama ninavyowafundisha vijana, nataja mimi mwenyewe siku nyingine. Ninakualika. Una hamu ya kunywa kahawa pamoja nasi hapa Kasungami, Jumapili tarehe 21 Septemba, saa kumi mchana? Arusi itakuwa imepita na mvua hazitakuwa zimeanza. Kahawa itakuwepo, na keki, kwa maana Edith amepata maelezo kwa Mama Annegret na ameshaunguza moja ya majaribio. Bukari, ugali wetu, na samaki vitakuwepo pia, usiogope. Kiti chako nitakiweka upande wa ukuta ambako jua halipigi machoni. Njoo na shemeji Mulenga. Mkija na wengine, tuko Lubumbashi, nani atawafukuza, ila niambie mapema ni wangapi ili Edith asizime jiko.

Najua treni haina saa. Panda ya wiki iliyotangulia, au hata ya kabla yake, na ulale hapa siku zote utakazotaka. Saa kumi hiyo ni ya kwangu mimi, niwe nimeketi. Na ukiona haiwezekani, usiniandikie "nitakuya, yaya". Niandikie haiwezekani, unipe siku nyingine. Nitaishika siku hiyo na kufurahi nayo.

Nisalimie shemeji Mulenga, mwambie redio yake iko kwa baba yake Guelord na inasema vizuri. Nisalimie Fils, na umkumbatie Chance kwa niaba yangu, kwa kuwa sijamwona na tayari ninampenda kwa kumvumilia mpwa wangu. Salamu kwa mama mkwe wako, kama bado ananikumbuka, na kwa kila anayeuliza habari zangu pale kituoni. Binti yetu Kiki yuko Likasi na mumewe, mtoto wao ameota meno mawili na anauma kila mtu.

Bwana awatunze mto ukipanda na mto ukishuka, aweke amani katika chumba kile na watoto katika amani hiyo, na mguu wako aupe nguvu za kupanda behewa moja mwezi wa tisa.

Mimi ndugu yako, niliyekubeba mgongoni na ninayekupenda hivyo hivyo,

Edouard Kalenga

Ninaongeza hapa chini. Edith amerudi kutoka shambani, amenawa mikono, amesoma barua yote. Ameweka kidole juu ya maneno mawili pale nilipoandika habari ya chumba, "kwa sasa", akakiacha kidole hapo mpaka nikaona. Naapa sikujua kama nimeyaandika. Karatasi ya kuandika upya sina, na Faustin yuko mlangoni anapiga kengele ya baiskeli. Wewe chukua kalamu uyafute mwenyewe, mbele ya Fils.

Sitarudi Kabalo.